Nataka kukimbia kilomita 100, mume wangu ananiuliza nitalipwa nini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 38, na kazi yangu ni uhasibu. Nilianza kukimbia baada ya kujifungua mtoto wa pili, nia ikiwa kupunguza mwili tu. Mwanzoni nilikuwa nakimbia nguzo mbili za taa, natembea nguzo moja. Polepole nikafika kilomita kumi, nikamaliza nusu marathoni, na mwaka jana nikamaliza marathoni nzima. Sikushika nafasi yoyote ya maana, lakini nilipovuka utepe nilijiona mtu kwa namna ambayo sijawahi kujiona ofisini.

Sasa nataka kukimbia kilomita 100. Mbio zenyewe ni baada ya miezi mitano na nimeshajiandikisha. Tangu hapo nyumbani hakukaliki. Mume wangu alijua alipoona ujumbe wa malipo kwenye simu, maana nilikuwa bado natafuta siku nzuri ya kumwambia. Akaniuliza, "Hizo mbio utalipwa nini? Wanaokimbia hivyo ndiyo kazi yao. Wewe kazi yako ni mahesabu." Siku hizi nikirudi mazoezini ananiitikia kwa kunung'unika, na juzi aliwaambia ndugu zake kwamba nimekonda kama mgonjwa.

Kazini nako si shwari. Bosi aliniita akasema ninasinzia kwenye vikao na kwamba akili yangu imehama. Iliniuma, kwa sababu sijawahi kuchelewesha hesabu za mwezi. Ni kweli naamka saa tisa na nusu usiku ili nimalize kukimbia kabla watoto hawajaamka, na kulala ni saa tano, wakati mwingine saa sita, maana kazi za nyumbani hazina wa kuzifanya. Ratiba ninayoifuata niliipata kwenye intaneti. Ni ya bingwa mmoja wa mbio ndefu, nami nimeipunguza kidogo tu.

Mwili unaitikia vizuri. Nimepungua sana na pumzi ninayo. Kitu pekee ni ugoko wa kushoto, unauma nikianza kukimbia, nikipata moto maumivu yanaisha, ila siku hizi yanarudi usiku nikiwa nimelala. Nameza dawa ya maumivu kabla ya kutoka na mambo yanaenda. Hedhi nayo imepotea miezi mitatu sasa. Mimba sina, nimepima. Nadhani ni uchovu.

Swali langu, Shangazi: je, ni ubinafsi mtu mwenye familia na kazi yake kujiwekea lengo kubwa namna hii ambalo halimwingizii chochote? Niache ili nyumba itulie, au nishikilie, na nikimaliza wataelewa?

Mkimbiaji wa Alfajiri

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona ugomvi wa nyumbani. Mara ya pili nikaona maneno uliyoyaweka mwishoni kana kwamba si kitu, yale ya ugoko na yale ya hedhi. Nitaanza na hayo, kwa sababu yakiachwa hutakuwa na mbio za kugombania na mtu yeyote.

Maumivu ya ugoko yanayokuamsha usiku si ya misuli iliyochoka. Misuli iliyochoka hutulia ukilala. Mfupa ukiuma hata wakati wa mapumziko, tena kwa mtu aliyeongeza umbali kwa haraka, jambo la kwanza la kuhofia ni ufa mwembamba ndani ya mfupa huo. Unatokea hivi: mfupa ukipigwa kila siku kuliko ulivyozoea, mwili huanza kwa kuondoa sehemu iliyochakaa, halafu ndipo hujenga mpya mahali pake. Kuondoa huchukua wiki chache tu. Kujenga hadi mfupa ukakomaa huchukua miezi mitatu, minne. Katika kipindi hicho cha kati mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi, na ukiendelea kuupiga unapasuka. Moyo na mapafu havina subira hiyo, hupata nguvu mapema sana, ndiyo maana unaniambia pumzi unayo. Naamini unayo. Lakini pumzi haikuelezi lolote kuhusu hali ya mfupa.

Hedhi kupotea kunaingia hapo hapo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu tatizo hili: mwanamichezo akila chakula kisichotosha kazi anayoupa mwili, mwili huanza kubana matumizi, na kwa mwanamke uzazi ni miongoni mwa vinavyozimwa mapema. Homoni ya estrojeni ikishuka, mfupa unapoteza mlinzi wake mkubwa. Kwa hiyo hayo unayoyaona kama mambo mawili madogo huenda ni jambo moja kubwa: unakula chakula cha mhasibu anayekaa kitini, huku unakimbia ratiba ya bingwa. Tena wala halihitaji kujinyima kwa makusudi. Watu wengi hulipata kwa kukosa tu muda wa kula, na wewe naona huna hata muda wa kulala.

Kwa hiyo acha kukimbia leo, mwanangu. Sisemi upunguze. Nenda hospitali ukaonane na daktari, wa michezo kama yupo, umweleze mambo yote mawili kwa pamoja, kwa sababu ukimwambia ugoko peke yake atakutibu ugoko peke yake. Hedhi inaweza kupotea kwa sababu nyingine pia, tezi la shingo kwa mfano, naye atataka kuziangalia. Ukipigwa eksirei ikatoka safi, usishangilie haraka. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo, na kipimo kinachouona mapema ni MRI. Muulize. Wakati unasubiri, jaribu kugusa ugoko kwa ncha ya kidole: maumivu yakiwa yamekusanyika mahali pamoja padogo kwenye mfupa, hiyo ni dalili mbaya zaidi kuliko maumivu yaliyotapakaa. Na kama akikuandikia vidonge vya uzazi wa mpango ili hedhi irudi, mwulize vizuri, kwa sababu damu ya vidonge hutoka hata kama mwili bado una njaa, na mfupa haufaidiki.

Dawa ya maumivu unayomeza kabla ya kutoka, iache. Inanyamazisha kitu pekee mwilini mwako kinachokwambia ukweli. Halafu kama ni ibuprofeni au ndugu zake, kuimeza na kwenda kukimbia muda mrefu ukitokwa jasho kunazipa figo mzigo ambao hazikuuomba.

Sasa swali lako.

Hapana, si ubinafsi. Nalisema bila kusita, na mumeo naye nataka alisome. Hoja kwamba mambo makubwa ya mwili ni ya wanaolipwa haina mashiko. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, mbio za baiskeli za barabarani za wanawake, kilomita 137, zilishindwa na Anna Kiesenhofer wa Austria. Mwanamke huyo ana shahada ya uzamivu ya hisabati, na wakati huo alikuwa mtafiti wa chuo kikuu nchini Uswisi. Hakuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa. Mazoezi alijipangia mwenyewe. Alichomoka tangu mwanzo wa mbio, na wale ambao baiskeli ndiyo kazi yao wakampoteza hesabuni kabisa, hata Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alipofika wa pili akainua mikono kusherehekea dhahabu ambayo ilikuwa imeshachukuliwa. Naye Yuki Kawauchi wa Japani alishinda marathoni ya Boston mwaka 2018, kwenye baridi na mvua kubwa, akiwa mtumishi wa serikali mwenye kazi ya ofisi ya kutwa.

Nimekutajia hao ili neno "wanaolipwa" liondoke mezani. Lakini wewe hutashinda, na huhitaji kushinda. Wengi wa wanaojaza mbio ndefu ni walimu, wauguzi, madereva, wahasibu, wanaofika katikati ya kundi au mwishoni, na hakuna gazeti linalowaandika. Wanatafuta nini? Nadhani wanatafuta kile ulichokipata uliposema ulijiona mtu. Kazi yako ina heshima yake, lakini haina mwisho: hesabu za mwezi huu zikifungwa, za mwezi ujao zinafunguka, na kila unachokifanya kinapitia mikono ya wengine, kinarekebishwa, kinasainiwa na mwingine. Kilomita 100 zina mwanzo na mwisho, na hakuna anayeweza kukusaidia kuweka hata hatua moja. Mtu mzima aliyezungukwa na majukumu ana haki ya kuwa na jambo moja la namna hiyo. Tena watoto wako watakua wakijua kwamba mama yao alikuwa na kitu alichokipenda kwa ajili yake mwenyewe, na kwangu hilo ni malezi.

Ila lengo kama hilo halina mshahara, hivyo gharama yake lazima itoke mahali. Kwako imetoka kwenye usingizi, kwenye chakula, na kwenye muda wa watu ambao hukuwauliza. Hapo ndipo tatizo lako lilipo.

Chukua usingizi. Usiku ukiwa mzuri unapata usingizi wa saa nne na nusu tu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na mtu anayejenga mwili kwa mazoezi mazito hawezi kuhitaji pungufu ya hapo, maana sehemu kubwa ya ujenzi hufanyika akiwa amelala. Bingwa ambaye ratiba yake umeiazima anakimbia, anakula, analala mchana, anakandwa misuli, halafu anakimbia tena. Hana kikao cha saa tatu asubuhi. Ukichukua mazoezi yake bila mapumziko yake umechukua nusu ya ratiba, na ni ile nusu inayobomoa. Kwa hiyo bosi wako, ingawa alitumia maneno ya kuumiza na akili yako haijahama popote, alichokiona kwenye vikao ni cha kweli. Mwambie hivyo hivyo: kwamba umekuwa hupati usingizi wa kutosha na unalirekebisha. Habari za mbio ni zako, si lazima umsimulie.

Na mumeo pia, usikasirike, ameona kitu. Alisema umekonda kama mgonjwa. Hakupaswa kwenda kuwaambia ndugu zake kabla ya kukuambia wewe, na hilo mweleze kwa utulivu, kwa sababu ni kosa. Lakini mtu anayelala kando yako ameona mwili unaisha, anasikia mlango ukifunguliwa usiku wa manane, kisha anakutana na ujumbe wa malipo kwenye simu. Mwanangu, hiyo siku nzuri uliyokuwa unaitafuta ilipaswa kuwa kabla ya kulipa. "Utalipwa nini" ni swali baya, ila mimi nasikia ndani yake swali jingine ambalo hakujua namna ya kulisema: je, na sisi tumo kwenye mipango yako?

Ndiyo maana siungi mkono wazo lako la kushikilia mpaka umalize ndipo waelewe. Hawataelewa. Medali haimrudishii mtu miezi mitano ya kununiana.

Kaa naye siku ambayo hakuna aliyechoka, watoto wakiwa wamelala. Usianze na mbio, anza na mwili. Mwambie kuhusu mfupa na hedhi, na umwambie kwamba alipoona umekonda aliona sawa. Ninavyowajua wanaume wenye kunung'unika, wengi wao hulegea wakiambiwa wameona sawa. Baada ya hapo mweleze kwa nini unalitaka jambo hili, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Halafu, wewe ni mhasibu, toa karatasi. Andika wiki nzima: mbio ndefu ni siku gani, zinaanza saa ngapi, unarudi saa ngapi, nani yuko na watoto. Kwa mtu wa ridhaa anayetaka kumaliza tu, saa saba hadi kumi za mazoezi kwa wiki zinatosha sana, na mbio ndefu ni mara moja kwa wiki. Kwenye karatasi hiyo hiyo kuwe na saa za mumeo, zake mwenyewe, ambazo wewe ndiye utashika nyumba na yeye aende anakotaka bila kuulizwa. Na zile kazi za nyumbani ulizosema hazina wa kuzifanya, ziandikwe pia, kila moja na jina mbele yake. Mume aliyesoma jibu hili mpaka hapa ajue kwamba namsemesha yeye pia.

Usiende kuomba ruhusa kama mtoto. Unakwenda kupanga na mwenzako. Akikataa kila kitu, hata baada ya kuona umepunguza na umeweka wazi, niandikie tena, maana hapo tutakuwa tunazungumzia jambo jingine kabisa.

Kuhusu mbio zenyewe: za baada ya miezi mitano hutazikimbia. Najua inauma. Kama daktari atakuta ufa, kupona peke yake kutakula wiki nyingi, na kurudi barabarani ni kuanza na kutembea. Waandikie waandaaji uulize kama nafasi yako inaweza kuhamishiwa mwaka unaofuata. Mbio nyingi zina utaratibu wa namna hiyo, hasa ukiwahi. Kama haiwezekani, fedha hiyo iache iende.

Mpango wako mpya uwe wa mwaka mmoja na nusu hivi, na katikati yake uweke mbio za kilomita 50. Kutoka kilomita 42 za marathoni kwenda 100 moja kwa moja ni mruko ambao hata wenye muda mwingi huogopa kuufanya. Ukirudi, mbio zako nyingi ziwe za taratibu, kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, aliwajenga wakimbiaji wake juu ya msingi wa mbio ndefu zisizo na papara, na mwaka 1960 huko Roma wawili kati yao, Peter Snell na Murray Halberg, walichukua dhahabu za Olimpiki siku moja. Kama mwendo wa aina hiyo uliwafaa wao, wewe usiuone ni uvivu. Kila baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki ya nne punguza.

Tena jifunze kutembea. Kwenye kilomita 100 watu wa kawaida hutembea, hasa kwenye milima, na wanaopanga kutembea tangu mwanzo humaliza wakiwa na hali nzuri kuliko wanaolazimishwa na miguu kilomita ya 70. Angalia muda wa mwisho wa mbio unazozichagua, ugawe kwa umbali, na utaona kwamba kutembea kwa mpangilio kunakubalika.

Tumbo nalo lina mazoezi yake. Akiba ya wanga mwilini huelekea kuisha karibu na kilomita ya 30, ukuta ule uliougonga kwenye marathoni yako bila shaka, kwa hiyo kwenye safari hii utakula ukiwa njiani: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na tumbo halikubali hilo siku ya kwanza. Lizoeze wakati wa mbio zako ndefu. Maji kunywa kwa kufuata kiu. Wapo wanaokunywa kwa hofu mpaka chumvi ya damu inashuka, na hiyo inaua. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza na asilimia 13 kati yao walikuwa na chumvi iliyoshuka kupita kiasi. Ukiona siku yoyote baada ya mazoezi makali mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, usisubiri kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Miaka 38 haina tatizo lolote kwa umbali huu. Mbio ndefu sana zimejaa watu wa miaka arobaini na hamsini.

Ila wiki hii hayo yote yakae. Wiki hii ni hospitali, kisha mazungumzo na mumeo, kisha barua kwa waandaaji, kwa mpangilio huo. Na kuanzia usiku wa leo kengele ya saa tisa na nusu izime. Vipimo vikitoka niandikie, nataka kujua walichokuta kwenye ugoko kabla hujavaa viatu tena.

Shangazi